Taa ya oili inapepesa Forester ikishapata moto: swichi iko wapi, na kosa ni lake kweli?

Swali

"Assalamu alaykum fundi. Niko Wete, Pemba. Nina Subaru Forester ya 2003, injini EJ20 isiyo na tabo. Asubuhi gari haina neno. Nikitoka Chake, nikifika Wete injini imeshapata moto, nikisimama tu taa nyekundu ya oili inaanza kupepesa. Nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Oili imo. Fundi wa kwanza alichomoa waya wa sensa, taa ikazima, akasema sensa imekufa, niagize Unguja. Wa pili anasema injini imekwisha, nitafute nyengine. Sensa yenyewe mimi sijaiona ilipo. Nimsikilize nani? Na naweza kuendelea kutembelea gari mpaka spea ifike kwa boti?"

Jibu

Waalaykumu ssalam, ndugu yangu. Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo la haraka: gari isitembee. Iache hapo ilipo mpaka presha ya oili ipimwe kwa geji, yaani saa ya mshale ya kupimia presha. Ama mafundi wako wawili, yeyote kati yao anaweza kuwa amepatia, lakini hakuna aliyepima. Mmoja kasoma taa, mwengine kasoma umri wa gari.

Taa hiyo inasema nini hasa

Kwenye gari yako kitu tunachokiita sensa ni swichi tu, ya kuwasha na kuzima. Ndani yake mna kiwambo chembamba, springi na ncha mbili za umeme. Injini ikiwa imezimwa, springi inazigusanisha zile ncha. Waya mmoja unaotoka kwenye dashibodi unapata hasi kupitia mwili wa swichi na bloki ya injini, na taa inawaka. Ukiwasha injini, oili inasukuma kiwambo, ncha zinaachana, taa inazima. Swichi haijui presha ni nzuri au mbaya. Inajua tu kama imevuka mpaka wake au haijavuka.

Na mpaka wenyewe uko chini mno. Kwa injini za EJ, familia ya injini za Subaru ambamo EJ20 yako imo, ni 14.7 kPa, yaani psi 2.1 hivi (kPa na psi ni vipimo viwili vya presha). Sasa tazama presha inayotakiwa: oili ikiwa na joto la nyuzi 80 na injini iko kwenye mizunguko 600 kwa dakika, iwe 98 kPa, sawa na psi 14. Kwenye mizunguko 5,000 iwe 294 kPa, sawa na psi 43. Kwa hiyo kama taa yako inasema kweli, presha imeshuka mpaka sehemu moja ya saba ya kile kinachotakiwa gari ikiwa imesimama. Hapo hakuna cha "imepungua kidogo". Watu wengi wanaichukulia taa hii kama onyo la mapema, lile la kukukumbusha uende gereji wiki ijayo. Sivyo. Ikiwaka kwa haki, metali za kranki, yaani vipande ambavyo shafti kuu ya injini inazunguka juu yake, zinaweza kuwa zinasagana chuma kwa chuma wakati huo huo.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo: taa kuzima hakuthibitishi kwamba presha ni nzuri. Injini yenye psi 4 tu itaizima taa vizuri kabisa huku inakufa taratibu. Taa yako inazima ukikanyaga mafuta kwa sababu pampu ya oili inaendeshwa na kranki moja kwa moja. Mizunguko ikipanda, presha inapanda. Tabia hiyo, ya kupepesa injini ikiwa ya moto na haijakanyagwa, inaonekana kwa swichi mbovu na inaonekana pia kwa injini iliyochoka. Kwa macho huwezi kuzitenganisha.

Iko wapi

Fungua boneti, simama mbele ya gari. Alteneta iko juu, mbele ya injini. Swichi ya oili iko chini ya alteneta, imefungwa juu ya bloki. Ni kidude kifupi chenye mwili wa chuma wa pembe sita, kichwa cha plastiki, na waya mmoja tu wenye kofia ya mpira. Tia tochi kwenye uwazi ulio nyuma ya alteneta na utaiona, ingawa mkono haufiki vizuri.

Usiichanganye na sensa ya joto la maji. Hiyo imefungwa kwenye bomba la maji linalounganisha pande mbili za injini, jirani na hapo hapo. Kanuni ni rahisi: iliyofungwa kwenye bomba la maji ni ya joto, iliyofungwa kwenye bloki yenyewe na ina waya mmoja ni ya oili.

Ukiwa hapo na tochi, angalia kitu kimoja zaidi: pana dimbwi la oili kuizunguka? Swichi hizi zikizeeka hupasuka pale plastiki inapokutana na chuma, oili ikavuja taratibu na kukaa juu ya bloki. Gari ikitembea inateremka mbele kwenye kava la taiming belti, na kila anayeitazama kwa chini anasema sili ya kranki au ya kemshafti imekufa. Kabla hujakubali kufumua taiming belti kwa uvujaji wa mbele, hakikisha hapo juu ni pakavu. Wakati mwengine oili haidondoki kabisa. Inapenya ndani ya swichi na kupanda na waya, ukivua kofia ya mpira unakuta imejaa oili. Swichi ya hivyo imekwisha, hata kama taa bado inafanya kazi.

Kwa wanaosoma na gari nyengine: kwenye Honda nyingi itafute nyuma ya injini karibu na filta ya oili. Kwenye Mitsubishi za 4G63 na 4D56 imo kwenye bano la filta. Kwa gari usiyoijua anzia kwenye filta, zunguka bloki yote iliyo jirani, kisha pandisha macho kwenye ncha za silinda hedi; lazima iwe mahali ambapo njia kuu ya oili inapita. Land Cruiser na pikapu zenye mshale wa presha kwenye dashibodi zina sensa kubwa zaidi, mfano wa kikopo, na hizo vipimo vyake vya umeme ni tofauti. Usiugusishe waya wake moja kwa moja kwenye bodi. Upitishe kwenye balbu ndogo ya wati 3.4, la sivyo unaweza kuichoma mita.

Kuchomoa waya kunathibitisha nini

Fundi wa kwanza alichomoa waya, taa ikazima, akahukumu swichi. Lakini ukichomoa waya umekata njia ya hasi. Taa itazima swichi ikiwa mbovu, itazima swichi ikiwa nzima na presha haipo. Kipimo hicho kinajibu swali moja tu: je, waya umechunika mahali ukagusa bodi? Kama ungechomoa waya na taa ikabaki inawaka, hapo ungejua kosa liko kwenye waya, na mara nyingi ni pale unapopita karibu na bano la alteneta. Kwako ilizima, kwa hiyo waya ni mzima. Ni hilo tu tulilojifunza.

Fanya na upande wa pili. Fungua ufunguo bila kuwasha injini, waya ukiwa umechomolewa, uguse ncha yake kwenye chuma safi cha injini. Taa lazima iwake. Isipowaka, balbu au waya umekatika, na hiyo ni hatari zaidi kwa sababu siku presha itakapopotea hutaambiwa.

Ukiwa na mita ya umeme, iweke kwenye omu. Ncha moja kwenye kichwa cha swichi, nyengine kwenye bloki. Injini imezimwa: karibu na sifuri. Injini inazunguka: njia iwe imekatika kabisa, mita isisome kitu. Ikisoma sifuri huku injini inazunguka, ama swichi imeganda ama presha haipo, na tumerudi pale pale.

Huku visiwani kuna suala la chumvi pia. Gari inayovushwa kwa meli, inayoegeshwa ufukweni au inayopigwa maji ya presha kwenye injini kila wiki, plagi yake hupata kutu ya kijani. Watu hukimbilia kuilaumu kwa taa inayopepesa. Kwa kawaida kutu hiyo inakata umeme, haiuleti, kwa hivyo dalili yake ni taa kutowaka unapofungua ufunguo. Isafishe kwa hali yoyote, tia grisi kidogo ya umeme, rudisha kofia ya mpira. Lakini usitegemee itakuponya.

Kabla ya kufungua chochote, oili yenyewe

Umesema oili imo. Imo kiasi gani, na oili gani? Egesha gari mahali pa sawa kabisa, si kwenye mteremko, zima injini, subiri dakika 5 au zaidi. Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena. Kijiti cha Subaru kinadanganya kwa sababu oili inapaka kwenye bomba lake. Soma pande zote mbili na uamini ule ulio chini zaidi. Kutoka alama ya L mpaka F ni kama lita 1. Injini yote inachukua takriban lita 4 pamoja na filta, kwa hiyo ukiwa chini ya L umeshapoteza robo na zaidi. Injini hii ni ya bapa, silinda zake zimelala ubavu, na sampu yake (bakuli la oili la chini) haina kina kirefu. Kwenye milima na kona za Pemba oili inakimbilia upande na bomba la kunyonya linavuta hewa. Taa inayowaka kwenye kona au ukishika breki, badala ya ukisimama, ni ya upungufu wa oili mpaka ithibitishwe vyengine.

Kisha nusa kijiti. Harufu ya petroli maana yake oili imechanganyika na petroli ikawa nyepesi. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na gasketi ya hedi ni ugonjwa unaojulikana kwenye familia hii ya injini. Na oili inayouzwa kwa kupimwa kwenye chupa za maji usiitie kabisa. Huwezi kujua ni oili ya nini wala imetumika mara ngapi. Kwa injini ya umri huo na joto letu hili, 10W-40 ya kopo lililofungwa inatosha. Usikubali kutiliwa 20W-50 kwa lengo la kuinyamazisha taa kabla ya kupima. Oili nzito itapandisha presha kidogo, taa itazima, na ugonjwa utabaki ndani ukiendelea.

Ikiwa oili ni chafu au huijui, ibadilishe pamoja na filta, kisha ndiyo upime. Filta ya zamani usiitupe. Ipasue kwa msumeno wa chuma, kunjua karatasi yake juani. Karatasi nyeusi yenye masizi ni kawaida. Ikiwa inametameta mfano wa poda ya fedha, au ina chembe za rangi ya shaba, metali za kranki zinaliwa, na fundi wako wa pili ameanza kupata ushahidi.

Kupima kwa geji

Unahitaji geji ya mshale ya psi 0 hadi 100, mpira unaostahimili oili ya moto, na kiungio chenye meno ya R1/8, yaani meno 28 kwa inchi. Meno hayo ndiyo yanayotumika kwenye swichi za Subaru, Toyota na Wajapani wengi. Mpira wa kujazia upepo wa tairi haufai. Ukipasuka, oili ya nyuzi 80 na zaidi ikamwagikia ekzosi, umewasha moto.

Ipashe injini joto kwanza, kama dakika 15 ikiwa imesimama inaunguruma, feni iwake na kuzima. Taa ikianza kupepesa, zima hapo hapo, joto hilo linatosha. Kisha:

Ondoa hasi ya betri kabla ya kitu chochote. Waya mnene wa alteneta una umeme wa betri muda wote, na spana ikigusa bodi utaona cheche za kulehemu.

Fungua kava la belti, legeza bolti ya kubana na ile ya kurekebisha belti, toa belti. Chomoa plagi ya alteneta na nati ya waya mnene. Toa bolti zake, inyanyue. Ule waya mnene ufunge vizuri kwa tepu ya umeme au kipande cha mpira, kwa sababu utairudisha betri na kuwasha injini huku unaning'inia.

Sasa swichi iko wazi. Vua kofia, futa kote kwa petroli na brashi ili mchanga usiangukie ndani ya tundu. Mara nyingi soketi ndefu namba 24 ndiyo inayokaa, lakini ijaribu kwanza. Spana ya kawaida inayoteleza inazila pembe zake. Bloki ni ya aluminiamu, usiigonge wala kuivuta kwa nguvu za upande.

Funga kiungio na geji. Mpira upitishe mbali na mapuli. Rudisha betri iliyojaa chaji, washa. Usiwe na khofu ya injini kuchemka: pampu ya maji ya EJ inaendeshwa na taiming belti, si na belti uliyoitoa. Alteneta haipo kwa hiyo injini inakula betri. Dakika chache zinatosha kabisa. Usukani utakuwa mzito, lakini hukusudii kwenda popote.

Soma geji injini ikiwa haijakanyagwa. Kisha pandisha taratibu mpaka mizunguko 3,000 uone mshale unavyopanda. Kipimo cha 5,000 kifanye tu ikiwa vya mwanzo ni vizuri. Injini yenye psi 3 haipigwi resi.

Mshale unakwambiaje

Psi 14 au zaidi injini ikiwa ya moto na haijakanyagwa, na inapanda vizuri ukikanyaga: fundi wa kwanza alipatia, ingawa kwa bahati. Badilisha swichi.

Injini baridi presha nzuri, ya moto inaanguka chini ya psi 7 au 8, ukipiga resi inapanda hata ikakaribia kawaida: ni uchakavu au ni pampu. Hapa ndipo ningetaka usikimbilie kununua injini. Kwenye EJ pampu ya oili iko mbele, nyuma ya taiming belti, na mgongoni ina bamba lililofungwa kwa skrubu. Skrubu hizo zinajulikana kwa kulegea zenyewe. Zikilegea, oili iliyokwisha kupata presha inarudi nyuma kupitia bamba, na dalili zake ni hizi hizi zako. Kati ya pampu na bloki pia mna o-ringi moja. Ikikauka au ikikaa vibaya, presha inatorokea hapo. Kuifikia pampu ni kazi ya taiming belti: kutoa puli ya kranki, belti na gia ya belti iliyo kwenye kranki. Ikiwa belti imekaribia kilomita 100,000 au hujui ilibadilishwa lini, kazi hizo mbili ni moja. Toa pampu, kaza skrubu zote za bamba kwa gundi ya kukazia nati, tia o-ringi mpya na sili mpya ya kranki, angalia springi na kipande cha valvu ya presha visiwe vimekwama. Silikoni ya kubandikia pampu ipakwe uzi mwembamba tu. Inayozidi hukatika ndani na kwenda kuziba njia za oili.

Presha iko chini wakati wote, baridi na moto, chini na juu: tazama kwenye unyonyaji. Chujio la bomba ndani ya sampu huziba kwa tope la oili iliyochelewa kubadilishwa au kwa vipande vya silikoni vya fundi aliyepita. Bomba lenyewe nalo hupata ufa kwenye maungio yake, hasa kwenye injini za tabo, likavuta hewa. Mshale unaorukaruka badala ya kutulia ni hewa hiyo. Kutoa sampu ya Forester kunataka kulegeza maundingi (mipira inayobeba injini) na kuinyanyua injini kidogo, si kuishusha.

Pampu nzima, unyonyaji mzima, presha bado chini, na filta inametameta: sasa ni metali za kranki, na hapo hesabu ya kufungua au kununua injini ya mtumba ndiyo inaanza. Ukisikia injini inagonga kwa ndani ikishapata moto, sauti nzito inayofuata resi, umeshafika hapo bila geji. Na ukinunua injini, geji hiyo hiyo uende nayo. Muuzaji anayekubali injini ipimwe presha ikiwa ya moto kabla hujalipa ni muuzaji wa kufanya naye biashara.

Ikiwa ni swichi

Nunua mpya, si ya kung'olewa kwenye injini chakavu. Swichi ya zamani ina miaka ile ile ya yako. Chukua ya zamani dukani ulinganishe meno. Zipo zenye meno ya Kimarekani, 27 kwa inchi, ambazo huingia mizunguko miwili mitatu kisha zinang'ang'ana. Ukizilazimisha umeharibu tundu la bloki.

Unaweza kuijaribu mezani kabla ya kuifunga, na hata ile ya zamani ukitaka kujua ukweli wake. Chomeka mpira wa petroli wa milimita 8 kwenye meno yake, kaza kwa klipu, upande wa pili unganisha na pampu ya mguu yenye geji ndogo. Mita ya omu kwenye kichwa na mwili. Bila upepo isome karibu na sifuri; ukianza tu kukanyaga pampu, kwenye psi 2 hivi, ikatike. Achia upepo, irudi sifuri. Ifanye mara kadhaa. Swichi inayokatika kwenye psi 8 leo na 3 kesho ndiyo inayoleta taa ya kupepesa kwenye injini nzima. Paka na povu la sabuni kichwani ukiwa umeijaza upepo: mapovu yakitoka, inavuja.

Kwenye meno usifunge ile tepu nyeupe ya mabomba. Sababu ni mbili: vipande vyake hukatika vikaingia kwenye njia ya oili, na swichi inapata hasi kupitia meno hayo hayo, tepu nyingi inaizuia. Tumia gundi ya maji ya kuzibia meno, au swichi iliyokuja na gundi yake imepakwa kiwandani. Acha meno mawili ya mwanzo bila kupaka. Ianzishe kwa vidole mpaka igome, kisha kaza kwa spana ya kupimia nguvu, 25 N·m kwa EJ. Kwenye Toyota nyingi ni 15 tu. Meno haya yanatanuka kadiri yanavyoingia, kwa hivyo anayekaza kwa nguvu zake zote anapasua aluminiamu. Iache saa 1 gundi ishike ndipo uwashe. Taa izime ndani ya sekunde chache.

Mpaka boti ifike

Ikiwa geji imeonesha presha nzuri na unachosubiri ni swichi tu, njia ya salama ni kuiacha geji ikae. Pitisha mpira mzuri wa oili mbali na ekzosi, ufunge kwa klipu kila baada ya shubiri moja, mshale ukae mahali unapouona. Usiiunganishe geji kwa kipande cha shaba cha T kilichobebwa na bloki peke yake. Mtikisiko unakivunja shingoni na oili yote inamwagika kabla hujajua. Ikiwa huna geji ya kuacha na swichi haivuji, rudisha swichi mbovu mahali pake na uiegeshe gari. Kutembea na waya uliochomolewa ni kutembea bila onyo lolote, na hilo silikushauri hata kwa safari ya kwenda sokoni.

Ikiwa geji imeonesha presha mbaya, gari ivutwe. Barabara ya kutoka Wete mpaka gereji ya Chake kwa injini yenye psi 2 inatosha kuigeuza kazi ya pampu na o-ringi kuwa kazi ya kranki.

Baada ya kufunga swichi mpya, tembea siku mbili tatu kisha tia tochi tena chini ya alteneta. Futa juu ya bloki kwa kitambaa cheupe. Kikitoka kikavu, rudishia kava la belti ulikaze kwa bolti zake zote.